Umeletewa makadirio ya kodi na hesabu haikuingii akilini? Fanya hivi kabla siku 30 hazijakata

Nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili hapa Dar, mimi ndo yule mtu wa kupanga mafaili na kuhesabu siku, na kesi nyingi za kodi tunazopokea zinafika zikiwa zimeshaharibika. Kinachoziharibu mara nyingi sio sheria ngumu wala mteja kukosa haki, ni kwamba mtu kapewa barua tarehe 3, akakaa nayo kwenye droo ya kaunta, akaenda kuongea na afisa mara mbili tatu, akaambiwa lete vielelezo, akapeleka nusu, akajua mambo yanaenda, siku ya 41 ndo anakuja kwetu anasema nataka kukata rufaa. Rufaa ipi sasa ndugu yangu wakati pingamizi lenyewe, yaani ile barua rasmi ya kuwaambia TRA unayapinga makadirio, hukuweka.

Kwa hiyo naandika hii kwa mfanyabiashara wa kawaida wa Tanzania Bara, duka, hadwea, vitenge, spea, saluni, malori mawili matatu, ambaye TRA wamemletea makadirio na yeye anaona sio. Zanzibar kodi kama VAT inasimamiwa na ZRA, mamlaka ya mapato ya kule, na ina sheria zake, usinakili haya ukayapeleka kule.

Soma barua kwanza, na uandike tarehe

Siku uliyopokea barua chukua kalamu andika juu yake "nimepokea tarehe fulani", saini, piga picha. Usicheke, hiyo tarehe ndo mtaji wako wa kwanza maana siku 30 za kuweka pingamizi zinahesabiwa kuanzia ulipofikishiwa uamuzi, sio tarehe uliyomaliza kulalamika wala siku mhasibu wako aliporudi kutoka likizo. Na zinahesabiwa siku zote, jumamosi jumapili na sikukuu humo humo.

Afu kuna hili la imeli. Watu wengi TIN zetu tulifunguliwa stesheneri na kijana wa pale, imeli iliyowekwa ni ya kwake au ametunga moja ambayo paswedi yake haijulikani na mtu yeyote duniani. Notisi inaweza kuwa imeshatumwa huko wewe unauza soda zako kwa amani. Ingia kwenye akaunti yako ya TRA leo, angalia imeli na namba ya simu, badilisha ziwe zako. Ukishindwa mwenyewe nenda ofisi ya wilaya yako wakusaidie, ni kazi ya asubuhi moja.

Kwenye barua tafuta vitu vinne: ni kodi gani (ya mapato, VAT, ya mishahara, zuio), ni mwaka gani, ni kiasi gani cha kodi na kiasi gani ni riba na adhabu, na sababu waliyotoa. Kodi ya mapato na VAT zinaweza kuwa zimetoka kwenye ukaguzi mmoja ila makadirio yake yakawa tofauti, na kila moja inahitaji pingamizi lake. Nimeona mtu kapinga ya mapato kwa ufundi wa hali ya juu, ya VAT kaisahau, ikapita hivyohivyo ikawa deni halali.

Barua nyingine ni ya kukujulisha matokeo ya awali ya ukaguzi na kukuomba maelezo, hayo bado sio makadirio. Hiyo ijibu vizuri sana kwa sababu ndo nafasi rahisi kuliko zote, unaongea na mtu ambaye bado hajafunga hesabu. Ila ikishatoka notisi ya makadirio yenyewe, mazungumzo ya ofisini hayasimamishi saa. Ongea nao, ndiyo, wapo maafisa wazuri wanasikiliza, lakini pingamizi la maandishi liende hata kama umeahidiwa litarekebishwa kesho.

Sheria ya mwaka gani?

Hapa ndo wakili wa kodi anapolipwa hela yake, na wewe pia unaweza kujifunza. Kila mwaka mwezi wa sita waziri anasoma bajeti, bunge linapitisha Sheria ya Fedha, na mabadiliko mengi yanaanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo sheria ya kodi inahama kila mwaka, lakini mwaka wako uliokaguliwa unahukumiwa kwa sheria iliyokuwepo wakati ule. Mfano mzuri ni usajili wa VAT: zamani ukifikisha mauzo ya milioni 100 kwa mwaka unatakiwa kujisajili, ila kuanzia Julai 2023 kizingiti kikapanda hadi milioni 200. Mtu wa mwaka 2022 aliyeuza milioni 120 hawezi kujitetea kwa kizingiti cha 2023. Na kinyume chake, ukiona umetozwa kwa kanuni ambayo imeanza baada ya mwaka unaokaguliwa, hiyo ni hoja yako namba moja, iandike juu kabisa.

Namba za vifungu nazo usizikariri. Sheria mama ya mambo haya ni Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, Sura ya 438, na mawakili wote tulizoea kusema "pingamizi la kifungu cha 51". Sasa sheria zetu zimetoka toleo jipya la urekebu la 2023 ambalo lilianza kutumika Julai 2025, na namba zimehama huko ndani. Ukinakili barua ya rafiki yako ya 2019 utataja kifungu ambacho leo kinaongelea kitu kingine kabisa. Fungua toleo jipya uangalie mwenyewe, au ukishindwa eleza kwa maneno tu kwamba unapinga uamuzi wa kodi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi, ni bora kuliko namba mbovu.

Na angalia umri wa makadirio. Kwa kawaida TRA wana miaka 5 ya kurudi nyuma kurekebisha makadirio, isipokuwa kama kuna udanganyifu au uzembe wa makusudi. Ukiletewa mwaka ambao umeshapita huo muda, na barua haisemi popote kwamba ulidanganya, liulize hilo swali. Huo huo muda wa miaka 5 ndo unatakiwa kutunza kumbukumbu zako, kwa hiyo usichome maboksi ya risiti kila disemba ili kupata nafasi stoo.

Hesabu za mama wa vitenge

Nitatumia kisa cha mteja mmoja, mama wa vitenge, namba nimezizungushia na nimemficha asijulikane, ila mwendo wa kesi ndo huo.

Mwaka 2022 ritani yake, ile taarifa ya kodi aliyowapelekea TRA, ilionyesha mauzo milioni 96. Wakaguzi wakaomba taarifa ya benki, wakakuta zimeingia milioni 210 kwenye akaunti yake. Tofauti milioni 114, wakaichukulia yote ni mauzo ambayo hakutangaza, na kwa sababu jumla ilipita milioni 100 ya wakati ule ikaja na VAT juu yake. Ukiweka kodi zote pamoja zikafika milioni 36. Mama akaja analia, anasema mimi sijawahi hata kushika hiyo hela.

Kumbe alishaishika sana, ila haikuwa yake. Yeye ndo mweka hazina wa kikoba cha akina mama 30, kila mmoja anatoa elfu 50 kwa wiki, na hela yote inapita kwenye akaunti ya duka kwa sababu "ndo akaunti yenye mtu anayejua benki". Piga hesabu: 30 mara elfu 50 ni milioni 1 na nusu kwa wiki, mara wiki 52 ni milioni 78. Hapo bado mkopo wa benki wa milioni 15 ulioingia humohumo, na milioni 18 za kaka yake aliyeuza kiwanja Morogoro akaomba hela ipitie kwa dada. 78 na 15 na 18 ni 111. Zikabaki milioni 3 ambazo kwa kweli alikosa maelezo yake.

Nimekaa sana hapa kwa sababu hii ndo kazi yenyewe. Watu wanadhani pingamizi ni kuandika kwa hasira "makadirio ni makubwa mno na yanaua biashara". Hiyo sio hoja. Sheria imeweka mzigo wa kuthibitisha kwako wewe mlipakodi, kwamba makadirio yamezidi au yamekosewa, na mzigo huo unakufuata mpaka Bodi ya Rufani za Kodi, kule unakokata rufaa pingamizi likikataliwa, na kuendelea. Kwa hiyo unachukua taarifa ya benki, unapitia kila kiingilio kwa rangi, kijani mauzo, njano kikoba, bluu mkopo, nyekundu sijui. Inachosha, siku nne tano hivi, ila ukimaliza unakuwa na jedwali ambalo afisa akilisoma anaona kila shilingi imeenda wapi.

Na nyekundu ikibaki usiifiche. Mama tulimwambia milioni 3 uzikubali. 96 kujumlisha 3 ni 99, bado yuko chini ya kizingiti cha VAT cha mwaka ule, na kodi yake ya nyongeza kwa mlipakodi mdogo wa kiwango chake ikawa laki moja na kidogo tu. Ukikubali kilichopo watu wanaamini kilichobaki.

Kuandika pingamizi lenyewe

Linaelekezwa kwa Kamishna Mkuu wa TRA, kwa maandishi, na lazima liseme sababu. Bila sababu halina uzito. Mimi napenda liwe na mtiririko huu: mimi ni nani na TIN yangu, napinga uamuzi gani wa tarehe gani niliopokea tarehe gani, kiasi kilichokadiriwa ni hiki, ninachokubali ni hiki, ninachopinga ni hiki, alafu hoja moja moja. Kila hoja iwe na kiasi chake cha hela na kielelezo chake kimepewa namba. "Milioni 78 ni michango ya kikoba, angalia kielelezo namba 3, daftari la kikoba, na namba 4, katiba na orodha ya wanachama." Basi. Usimweleze afisa historia ya maisha yako na ada za watoto, anaweza kukuonea huruma lakini huruma haina kasha la kujaza kwenye fomu yake.

Lugha andika Kiswahili au Kiingereza, ile unayoimudu. Nimeona barua za Kiingereza cha kuungaunga ambazo mwandishi amekiri deni bila kujua. Kiswahili chako safi ni bora mara kumi.

Ukipeleka karatasi mkononi hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ukituma kwa mtandao piga skrinshoti ya uthibitisho na uihifadhi sehemu mbili. Siku ukiambiwa pingamizi lako halionekani, huo muhuri ndo shahidi wako.

Theluthi moja, hapa ndo watu wanapoanguka

Pingamizi halipokelewi mpaka uweke amana. Sheria inasema ulipe kile kiasi cha kodi usichobishania, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, chochote kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Rudia kusoma hiyo sentensi maana kila mtu anaielewa kwa faida yake. Mama alikuwa anakubali laki moja, kodi iliyokadiriwa ni milioni 36, theluthi ni 12, kwa hiyo anatakiwa kulipa 12. Angekuwa anakubali milioni 20, angelipa 20 sio 12.

Milioni 12 za mtu wa vitenge ni mtaji wa safari nzima ya kwenda kuchukua mzigo. Ila sheria imeacha mlango, Kamishna Mkuu anaweza kupunguza amana au kuiondoa kabisa ukiwa na sababu za msingi. Sasa ombi hilo ni barua ya pekee, liende mapema pamoja na pingamizi au kabla, ndani ya hizo siku, na liwe na ushahidi wa hali yako: taarifa ya benki ya sasa hivi, mkopo unaodaiwa, stoku iliyopo. Na hapa onyesha pia kwamba pingamizi lina mashiko, sio umaskini peke yake. Kwa mama tuliambatanisha lile jedwali la rangi, akapunguziwa mpaka milioni 4. Hakufurahi sana, alitaka iwe sifuri, lakini 4 alizipata kwa kuuza bei ya jumla wiki moja.

Ombi la amana likikaa kimya, fuatilia kwa maandishi, usikae unasubiri huku hujalipa chochote ukidhani umesimamisha saa. Lipa kwa kontroli namba ya kodi husika na mwaka husika, ukilipa kwa namba ya kodi nyingine utakuwa na kazi ya kuhamisha hela ndani ya mfumo. Hela ya amana haipotei, ukishinda inahesabika kwenye akaunti yako ya kodi, kurudishiwa taslimu ni habari nyingine ndefu, wengi wanaishia kufidiwa kwenye kodi zinazokuja.

Kama siku 30 hazikutoshi kwa sababu ulikuwa nje ya nchi, unaumwa, au kuna sababu nyingine ya maana, omba kuongezewa muda kwa maandishi kabla muda haujaisha. Ushahidi uwe wa kweli: karatasi za hospitali, muhuri wa paspoti. "Nilikuwa bize" haijawahi kuwa ugonjwa.

Ukimya sio ushindi

Baada ya kupokea pingamizi Kamishna anaweza kukubaliana na wewe, au anakuandikia pendekezo, kwamba hapa nakubali, hapa nakataa, sababu ni hizi. Ukipata pendekezo una siku 30 za kujibu kwa maandishi. Watu wanaikosea hii sana, wanadhani pendekezo ni hukumu wanakata tamaa, au wanaona ni barua tu wanaipuuza. Hapo bado uko ndani ya mchezo.

Mama pendekezo lilikuja likasema mkopo sawa, hela ya kiwanja sawa maana kulikuwa na mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa, lakini kikoba wiki 8 hazina kumbukumbu, milioni 12 zimekataliwa. Ukiangalia haraka unasema si mbaya, 78 wamekubali 66. Ila rudi kwenye hesabu, 99 kujumlisha 12 ni 111, ameshavuka milioni 100, VAT inarudi mlangoni. Yaani wiki 8 za daftari zilikuwa zinabeba kesi nzima. Ikabidi mwenyekiti wa kikoba atafutwe, akakutwa na daftari la zamani kwenye begi la nguo ukweni Tanga, na wanachama kumi na kitu wakaapa viapo mbele ya wakili. Vikaenda ndani ya siku 30.

Kuna miezi 6 ya Kamishna kuamua pingamizi. Sasa sikiliza, ikipita hiyo miezi 6 hajaamua, makadirio yanachukuliwa yamethibitishwa, na wewe unakuwa na haki ya kwenda Bodi. Ukimya unakula kwako. Wenzetu Kenya ni kinyume, kule KRA, mamlaka yao ya mapato, wasipotoa uamuzi ndani ya siku 60 pingamizi linahesabika limekubaliwa, ndo maana mtu mwenye ndugu Nairobi anakuja na ushauri wa "kaa kimya tu muda uwaishie". Muda ukiisha hapa unakuishia wewe. Weka alamu kwenye simu ilie ukitimiza miezi 5 tangu upeleke pingamizi.

Kichekesho ni kwamba ushuru wa forodha ni tofauti hata hapahapa Tanzania, kwa sababu unaongozwa na sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. Ubishi wa thamani ya kontena bandarini unaomba mapitio ndani ya siku 30, Kamishna naye ana siku 30 za kujibu, na huko akinyamaza ombi linahesabika limekubaliwa. Kwa hiyo kabla hujahesabu siku, jua kwanza deni lako ni la forodha au la kodi za ndani.

Wakili, mshauri wa kodi au mhasibu?

Mhasibu anakutengenezea hesabu na ritani. Mshauri wa kodi ni mtu aliyesajiliwa na TRA kwa kazi hiyo, anaweza kukuwakilisha kwenye mazungumzo na pingamizi, na kwa kesi nyingi za hesabu kama ya mama, mshauri mzuri anatosha kabisa, nasema hivyo hata kama bosi wangu atasoma. Wakili unamhitaji pale ubishi unapokuwa wa sheria: kifungu kinamaanisha nini, mkataba huu ni huduma au ni mauzo, mwaka umepitwa na muda, utaratibu umekiukwa. Na unamhitaji zaidi ukishaanza kuona njia ya Bodi.

Ukimtafuta, mhakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kama yupo na leseni yake iko hai. Muulize ameshasimama mara ngapi Bodi ya Rufani za Kodi, sio "nimeshafanya kodi". Malipo mkubaliane kwa hatua, pingamizi kiasi hiki, Bodi kiasi hiki, na iandikwe. Anayekwambia "nina mtu pale, nipe milioni 2 inaisha leo", huyo muache, deni litabaki kwenye mfumo na hela yako imeenda, na usiku ukijigeuza kitandani utakumbuka kwamba rushwa ni kosa la mtoaji pia. Cha mwisho, usimfiche wakili kitu. Daftari la pili la mauzo kama lipo, mwambie yeye kwanza kabla wakaguzi hawajalipata.

Ukikataliwa

Uamuzi wa mwisho wa pingamizi ukitoka haujakuridhisha, kinachofuata ni Bodi ya Rufani za Kodi. Kuna tarehe mbili ambazo zinachanganya: notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 30, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, na zote zinaanza kuhesabiwa siku ulipopokea uamuzi. Sio 30 kisha 45 juu yake. Nimeona faili la mtu aliyejumlisha akapata 75, lilikuwa zuri sana lile faili, lilitupwa bila kufunguliwa.

Bodi wanasikiliza mashahidi na vielelezo, mwenye daftari la kikoba anaitwa anaulizwa maswali. Baada ya Bodi kuna Baraza la Rufani za Kodi ambalo mwenyekiti wake ni jaji wa Mahakama Kuu, huko notisi ni siku 15 na rufaa siku 30. Kisha Mahakama ya Rufani, na pale wanasikiliza hoja za sheria tu. Ukifika pale na risiti mkononi unataka waihesabu upya, umepotea njia. Kwa hiyo ushahidi wako wote wa hesabu uwe umeshaingia chini kule.

Malalamiko ya huduma, mfano umecheleweshwa, hujibiwi, utaratibu haukufuatwa, yana mlango wake, ile taasisi ya usuluhishi wa malalamiko ya kodi inayoitwa TOST. Ni nzuri na sio ya gharama, ila usiitumie kama mbadala wa pingamizi, siku zako 30 zinaendelea kukimbia ukiwa umekaa kwenye benchi lao. Na kama mnakaribia kuelewana na TRA katikati ya kesi, inawezekana kumaliza kwa makubaliano, wakili aandike kila kitu mpaka riba na adhabu, maana watu wanasahau riba halafu wanashangaa.

Tukija Kariakoo, lile soko letu kubwa hapa Dar, mwezi Mei 2023 na tena Juni 2024 watu walifunga maduka kwa sababu ya mambo ya kodi, na Oktoba 2024 Rais Samia akazindua tume ya maboresho ya kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Mabadiliko yanakuja, mengine yameshaanza kuonekana kwenye bajeti, na mimi naunga mkono kelele zikipigwa vizuri. Ila kelele za sokoni hazisimamishi makadirio yako yaliyoko mezani, ukifunga duka siku tatu hizo ni siku tatu kati ya 30.

Mama wa vitenge uamuzi wa mwisho ulikuja mwezi wa 5 wa hesabu yetu, wiki 8 zikakubaliwa, VAT ikafutwa, akabaki na ile laki moja na kidogo pamoja na riba yake, na milioni 4 za amana zikakaa kwenye akaunti yake zikawa zinakatwa kodi za robo mwaka zilizofuata. Siku alipokuja kuchukua nakala ya faili nilimuuliza kikoba kinaendeleaje. Akasema kimefunguliwa akaunti yake kwa jina la kikundi, watia saini watatu, na yeye uweka hazina ameuacha, sasa ni katibu.